Redio Inayosikiliza Ndiyo Inayomaliza Betri

Mtu akiniletea mradi wake wa mikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) na kuniuliza achukue moduli gani ya redio, mara nyingi anataka kujua jambo moja tu: ipi inafika mbali? Nami humrudishia swali: nani atakaa macho akimsubiri mwenzake? Wengine hudhani nimewakwepa. Lakini kwa miaka niliyohangaika na vifaa vinavyotakiwa kuishi kwa betri, nimeona umbali unatafutika. Unaupata kwa antena nzuri, kwa kukipandisha kifaa juu kidogo, kwa kukubali kasi ndogo. Redio iliyowekwa upande usiofaa wa mawasiliano haitengenezeki kwa antena.

Chukua nRF24L01+ ya Nordic Semiconductor, ile moduli ndogo ya gigahezi 2.4 ambayo wanafunzi wengi huanza nayo. Ikituma kwa nguvu yake ya juu kabisa, yaani 0 dBm (miliwati moja), inakula miliampea 11.3. Ikisikiliza kwa kasi ya megabiti 2 inakula miliampea 13.5. Kwa hiyo kusikiliza kunakula kuliko kusema, na hata hivyo tofauti hiyo ya miliampea mbili si kitu ukilinganisha na muda. Paketi, yaani ujumbe mmoja wa redio, yenye mzigo wa baiti 32, kwa kasi ya megabiti 1, inamaliza safari yake hewani kabla nusu milisekunde haijaisha. Msikilizaji hajui paketi itakuja saa ngapi, basi masikio yake yako wazi usiku na mchana. Miliampea 13.5 kwa saa 24 ni miliampea-saa 324 kila siku. Betri mbili za AA za alkali zilizounganishwa mfululizo, tukizikadiria miliampea-saa 2,500, siku ya nane zimekwisha. Moduli hiyohiyo ikiamriwa kulala inakula nanoampea 900, haifiki hata mikroampea moja.

Ndiyo maana kabla sijafungua datashiti yoyote (karatasi ya vipimo vya chipu) nachora kwanza vifaa vyote vya mradi kwenye karatasi. Chenye umeme wa ukutani nakizungushia duara, chenye betri nakiacha wazi, halafu naweka mishale ya nani anampelekea nani habari. Mshale unaotoka kwenye betri haunisumbui. Unaoelekea kwenye betri ndio unaonifanya nikae chini nifikiri.

Kwenye kupima kiwango cha maji tankini, mambo ni mepesi. Sensa iko juu na betri yake, pampu iko chini na umeme wake. Sensa inaamka, inapima, inatuma, inalala. Pampu inasikiliza muda wote na haimdai mtu. Sasa geuza: vali ya kumwagilia bustani inaendeshwa na betri, na amri ya kufungua inatoka ndani ya nyumba. Hapa ndipo watu hukimbilia kutafuta redio "isiyokula umeme ikisikiliza", na wanachoshwa na utafutaji. Mimi huacha vali ndiyo iulize. Kila baada ya dakika chache inaamka, inatuma neno fupi la hali yake, na kipokezi kinaijibu papo hapo. nRF24L01+ inalifanya hili vizuri mno, kwa sababu jibu lake la uthibitisho linaweza kubeba mzigo ndani yake. Amri ya kufungua inasubiri kwenye kipokezi, vali ikiuliza inaondoka nayo. Hasara yake ni kwamba maji yatachelewa kwa dakika hizo chache, na sijawahi kuona mche uliolalamikia hilo.

Ukichunguza mitandao mikubwa utakuta wazo ni lilelile. LoRaWAN, mtandao wa redio za masafa marefu ziitwazo LoRa, katika Daraja A inafanya kifaa kitume kwanza, halafu kifungue sikio kwa muda mfupi sekunde moja baadaye, na tena sekunde ya pili, kisha kilale. Nje ya nafasi hizo mbili hakuna anayeweza kukifikia. Kifaa cha Daraja C kinasikiliza muda wote, na hicho ni cha umeme wa ukutani. Zigbee nayo, mtandao mwingine wa vifaa vidogo, inasifiwa kwa kupitisha habari kutoka kifaa hadi kifaa, lakini vinavyopitisha habari za wenzao havilali. Vinavyoruhusiwa kulala ni vile vya mwisho wa mstari. Mtu akiniambia ameweka vifaa kadhaa vya betri ambavyo vyote vinapitishiana habari kwa zamu, namuuliza kwanza vinajuaje zamu imefika. Hilo linahitaji saa zinazolingana, na saa zinazolingana ni mradi mwingine kabisa.

Bluetooth yenye matumizi madogo, iliyokuja na toleo la 4.0 mwaka 2010, ina ujanja wake ninaoupenda: inamwachia mwenye simu kazi ya kusikiliza. Kifaa kinatangaza habari yake kwenye chaneli tatu, 37, 38 na 39, kwa baiti zisizozidi 31 katika tangazo la kawaida, na unaweza kuyaachanisha matangazo hadi sekunde 10.24. Simu ndiyo inayohangaika kusikia, na simu ina mtu wa kuichaji. Chipu kama nRF52832 inakula miliampea 5.3 ikituma kwa 0 dBm kwa volti 3, na ikiwa imelala huku saa yake ya ndani inahesabu ni mikroampea 1.9. Tena mikrokontrola iko ndani yake mlemle. Kama habari inaishia kwenye simu iliyo chumba hichohicho, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi. Ila usiichanganye na HC-05. Ile ni Bluetooth ya zamani, inafaa sana kwa roboti ya kuchezea mezani, lakini ni ya kushikilia mawasiliano muda wote, na betri ndogo haiiwezi.

Wi-Fi nayo inatukanwa kuliko inavyostahili. ESP8266, chipu ya Wi-Fi ya Espressif, ikiwa kwenye usingizi mzito inakula kama mikroampea 20, hiyo si mbaya. Inapoamka ndipo gharama inapoingia: ikituma kwa nguvu zote inafika miliampea 170, na kabla haijatuma chochote lazima ijitambulishe kwa ruta na iombe anwani. Tukisema shughuli nzima inachukua sekunde tatu kwa wastani wa miliampea 80, hiyo ni miliampea-sekunde 240 kwa kila safari. Kwa safari moja kila dakika kumi, zinakuwa safari 144 kwa siku, sawa na miliampea-saa 9.6. Betri ya lithiamu ya miliampea-saa 2,000 itasogea miezi sita na ushee. Kwa miradi mingi ya nyumbani hiyo inatosha, na umejiepusha na kujenga kipokezi chako mwenyewe. Muda huo wa kujitambulisha unaweza kupunguzwa sana ukihifadhi chaneli na anwani ya ruta kwenye kumbukumbu isiyofutika wakati wa usingizi mzito, na ukakipa kifaa anwani ya kudumu badala ya kuiomba kila mara. Ukiwa na chipu mbili za Espressif, moja kila upande, basi ESP-NOW, njia ya chipu hizo kuzungumza moja kwa moja, inakutoa kwenye shughuli ya ruta kabisa: kwa ESP8266 unatuma hadi baiti 250 bila kujiunga popote. Kumbuka tu kuunganisha pini ya GPIO16 na pini ya RST, ile ya kuianzisha upya, la sivyo ESP8266 italala na haitaamshwa na saa yake.

Na hapa niseme jambo ambalo limeua betri nyingi kuliko chaguo lolote la redio. Tarakimu ninazozitaja ni za chipu, si za bodi. Bodi uliyonayo mezani ina vitu vingine: taa nyekundu ya kuonyesha kuna umeme, chipu ya kuzungumza na kompyuta kupitia USB, na regyuleta, kijenzi cha kushusha na kutuliza volti. Bodi nyingi zina regyuleta ya AMS1117, ambayo yenyewe, bila kuhudumia chochote, inakula takriban miliampea 5. Piga hesabu: miliampea-saa 120 kwa siku. Ile betri ya 2,000 inakwisha kwa siku kumi na sita au kumi na saba, redio ikiwa imelala fofofo. Watu hubishana LoRa au Wi-Fi huku kijichuma hicho cha miguu mitatu kinawanyonya.

Dawa yake inajulikana. Regyuleta ya MCP1700 inakula mikroampea 1.6 tu na inatoa hadi miliampea 250, inatosha kwa redio zote nilizozitaja isipokuwa Wi-Fi, ambayo inaikaribia mno kwenye vilele vyake. Au ondoa regyuleta kabisa. nRF24L01+ inafanya kazi kuanzia volti 1.9 hadi 3.6, na mikrokontrola ya ATmega328P inakubali kiwango hicho ukiipunguzia kasi ya saa, kwa hiyo betri mbili za AA zinaweza kuunganishwa moja kwa moja. Taa nyekundu inyofoe kwa ncha ya chuma cha kulehemu. Haimsaidii mtu ndani ya boksi lililofungwa.

Betri za kitufe zinastahili kuangaliwa kwa karibu. CR2032 ina kama miliampea-saa 220, na kwenye karatasi inaonekana ingeweza kulisha redio inayolala kwa miaka. Iweke kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyopanda na kushuka, uone. Ikiwa mpya, mstari uko volti 3 umetulia. Redio inaamka, mstari unadondoka robo ya volti, paketi inaondoka, mstari unapanda polepole kurudi ulipokuwa. Hiyo ni kawaida: betri ina ukinzani wake wa ndani. Rudia kwa betri iliyotumika, au siku ya baridi kali, uone bonde lilivyozama. Kama ATmega328P imewekewa kizuizi cha kujizima chini ya volti 2.7, mstari unaugusa huo mpaka, mikrokontrola inaanza upya, inasoma sensa, inawasha redio, inadondoka tena. Kwenye kioo unaona meno ya msumeno yanayojirudia. Kwa kipokezi, kifaa kimenyamaza tu. Huko kilipo kinakimbia bila kupumzika na kumaliza kilichobaki.

Kapasita ya mikrofaradi 100 isiyovuja sana, iliyokaa karibu na redio, inabeba sehemu kubwa ya mshtuko huo. Mimi huongeza jambo la pili kwenye programu: baada ya kusoma sensa nailaza mikrokontrola milisekunde mia hivi kabla ya kuwasha redio, betri ipumue na kapasita ijae. Na kwa nRF24L01+ hata ukiwa na umeme mwingi, weka mikrofaradi 10 kati ya pini zake za umeme. Moduli nyingi zinazoitwa mbovu zinapona papo hapo.

LoRa nimeiacha hadi sasa makusudi, maana ndiyo inayochaguliwa kwa jina. Teknolojia hii ilitoka kwa kampuni ya Kifaransa ya Cycleo, ambayo Semtech iliinunua mwaka 2012, na uwezo wake wa kusikia mawimbi dhaifu kupita kelele bado unanishangaza. Lakini umbali huo unalipiwa kwa muda hewani, na malipo ni makubwa kuliko watu wanavyodhani. Kipimo cha mtawanyiko (SF), yaani kiasi cha kuunyoosha ujumbe hewani, kwa kawaida kinaanzia SF7 hadi SF12, na kila ukipanda ngazi moja muda unakaribia kuongezeka maradufu. Nikichukua paketi yenye mzigo wa baiti 20, upana wa kilohezi 125 na mpangilio wa kawaida, SF7 inakaa hewani milisekunde 57. SF12 inakaa milisekunde 1,319. Chipu ya LoRa ya SX1276 ikituma kwa 13 dBm inakula miliampea 29, kwa hiyo safari ileile inagharimu mara ishirini na tatu zaidi. Bado ni nafuu kuliko safari yetu ya Wi-Fi, lakini mtu aliyeweka SF12 "kwa usalama" wakati kipokezi kiko mita mia mbili anachoma betri bure.

Isitoshe kuna sheria ya hewa. Ulaya, kwenye sehemu ya megahezi 868 inayotumiwa zaidi, kifaa kinaruhusiwa asilimia 1 ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Kwa SF12 hizo ni paketi 27 tu. Marekani wanatumia megahezi 915 kwa masharti mengine, na kwa hiyo moduli inayofaa Ulaya inaweza kuwa kosa Marekani. Angalia masafa yanayoruhusiwa ulipo kabla ya kuagiza, kwa sababu moduli ya 433 huibadilishi kuwa ya 868 kwa programu. Vijenzi vyake vya kulinganisha antena vimepangwa kwa masafa yake.

Kwa umbali wa kawaida wa kiwanja au shamba dogo, mimi hujaribu kwanza moduli ya RFM69. Inatumia masafa ya chini ya gigahezi moja, kwa hiyo kuta na majani mabichi havimeng'enyi mawimbi yake kama vinavyofanya kwa gigahezi 2.4. Inalala kwa mikroampea 0.1, inasikiliza kwa miliampea 16, na ina usimbaji (kuuficha ujumbe usisomwe na wengine) wa AES wa biti 128 ndani ya chipu. nRF24L01+ haina usimbaji wowote. Kama ni kufungua geti, hilo lifikirie kabla ya kitu kingine chochote.

Antena ya moduli hizi inaweza kuwa kipande cha waya. Robo ya urefu wa wimbi ni sentimita 8.6 kwa megahezi 868, na 17.3 kwa 433. Kata, nyoosha, simamisha. Nimeona waya uliokatwa sawasawa ukaviringishwa ukalazwa juu ya betri ili kifuniko cha boksi kifunge, na mwenye kazi akaenda kutafuta moduli yenye nguvu zaidi. Moduli yenye kikuza nguvu inakula zaidi ya miliampea mia ikituma. Boksi kubwa kidogo halili kitu. Na moduli ya nguvu kubwa usiiwashe itume ikiwa haina antena, kwa kuwa nguvu inayokosa pa kutokea inarudi kwenye chipu.

Kupima usingizi kunahitaji subira. Multimita kwenye mizani ya mikroampea huweka ukinzani wake njiani, mara nyingi omu mia hivi, na redio ikiamka kudai miliampea 11 zaidi ya volti moja inapotelea ndani ya kipimo. Kifaa kinazimika, wewe unalaumu programu. Njia yangu ya kienyeji ni kuunganisha waya sambamba na multimita mpaka kifaa kilale, kisha nauondoa na kusoma. Anayeweza kupata kifaa kama Power Profiler Kit II ya Nordic, kinachopima kutoka nanoampea 200 hadi ampea 1, ataona usingizi na utumaji kwenye mchoro mmoja.

Usomaji huo wa usingizi ndio ulionifundisha kuacha kukata umeme wa redio kwa transista. Wazo linaonekana zuri: redio isiyo na umeme haili. Ukipima pini ya umeme ya moduli baada ya kuikata, unakuta volti moja na nusu au zaidi. Inatoka wapi? Inapita kwenye nyaya za SPI, zile zinazounganisha redio na mikrokontrola. Pini ya kuchagua chipu imeachwa juu, umeme unaingia kupitia diodi za ulinzi ndani ya redio, na sasa una redio iliyo nusu hai, inayokula zaidi ya kama ungeiacha ilale yenyewe. Ukitaka kukata kweli, shusha pini zote zinazoelekea kwake kwanza. Lakini kwa chipu inayolala kwa nanoampea 900, transista hiyo peleka kwenye sensa ya unyevu wa udongo, ndiyo inayoihitaji.

Kuna mzigo mmoja ambao hauko kwenye datashiti ya mtu yeyote: kipokezi kikizimika. Umeme wa ukutani umekatika, au kompyuta inayopokea imejifunga. Vifaa vyote vya betri vinatuma, havijibiwi, vinarudia. nRF24L01+ yenyewe hurudia hadi mara 15, na hiyo ni nafuu. Balaa ni kitanzi cha programu kinachosema "rudia mpaka ujibiwe". Usiku mmoja wa kipokezi kuzimika unakula kilichokusudiwa kwa miezi. Siku hizi naviandikia vifaa vyangu hivi: jibu likikosekana baada ya jaribio la tatu, hifadhi kipimo, lala, na muda wa kulala uongezeke maradufu kila safari hadi ufike saa moja. Kipokezi kikirudi, vipimo vilivyohifadhiwa vinapelekwa pamoja. Baiti 2 kwa kila kipimo na baiti chache za namba ya kifaa na saa, na paketi moja ya baiti 32 inabeba zaidi ya kumi.